Jibu Ambalo Papa Ndeke Hakulitoa

Kisangani, Ijumaa, baada ya mvua

Faustin mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wajomba, hao tonton zako, ng'ambo ya mto, na kwa jinsi ninavyowajua hawatakuachia kabla hujala kwa kila mmoja. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Masua ya kukupeleka chuo kikuu inaondoka kesho asubuhi. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kulinda sanduku lako humo melini. Mama Veronika ameshakuambia hayo yote mara tatu, na leo nilimsikia akianza mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka minane.

Nivumilie kidogo kabla sijalifikia. Tangu tufunge ndoa, mimi na Veronika, wiki sita zilizopita, nikishika kalamu kwa jambo lolote inakimbilia kwake. Mimi mwenye miaka arobaini na minne, karani wa posta, mwenye miwani na mgongo unaouma, sasa ninatoka kazini kwa njia fupi. Zamani nilipita njia ndefu kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Nikifika kwenye kona ninasikia cherehani yake. Ninasimama nje kidogo, si kwa sababu yoyote, ninasikiliza tu. Mashine inakwenda, inasimama, najua sasa anakata uzi kwa meno, inakwenda tena. Halafu ninaingia na yeye anasema, bila kuinua macho, "Ulisimama tena kule inje, Papa Faustin. Majirani watasema nimekufungia mulango." Sijui mtu amefanya nini mpaka apewe furaha ya namna hii mara mbili katika maisha.

Najua si raha kwa kijana kusoma mambo haya ya baba yake. Umemtendea Veronika kwa upole, nakushukuru. Najua pia kwamba wiki ya arusi ulikwenda kukaa kaburini kwa mama yako bila kuniambia, na sikukuuliza. Furaha hii haikufuta kitu. Ila imenifanyia jambo ambalo sikulitegemea: imeninyima uwezo wa kunyamaza. Nilipokuwa na huzuni niliweza kutunza siri kama vile mtu anavyotunza nguo za marehemu, zimekunjwa, hazisumbui mtu. Sasa siwezi. Kila jioni ninataka kusema kila kitu.

Basi ni habari ya kitabu.

Kile kitabu cha Profesa, chenye jalada la kijivu, ulichokisoma mpaka kikaachia uzi. Unajua kwamba alipokuja hapa kuwauliza wazee wetu maswali ya falsafa, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Umejivunia hilo tangu shule. Na unaijua sentensi iliyo katika ukurasa wa kwanza, ambayo anasema aliipata kwa mvuvi mzee wa Wagenia: wafu ni maji ya chini, huyaoni, lakini ndiyo yanayoshika miti ya mtego. Uliiandika kwenye daftari lako. Uliitia katika insha uliyoipeleka chuo kikuu kuomba nafasi, ukaweka mbele yake maneno "kama wazee wetu wanavyosema". Ulinisomea insha hiyo hapa mezani, umesimama wima kama shemasi. Na Profesa alikujibu kwamba ukurasa ule ndio uliomfanya akutetee mbele ya wenzake.

Hakuna mzee aliyesema hivyo, Faustin. Niliyesema ni mimi.

Nikusimulie kama ilivyokuwa, maana hata nikikiri nataka umjue yule mtu vizuri, usimhukumu kwa kosa langu. Wakati ule hakuwa profesa bado. Sisi ndio tuliomwita hivyo. Alikuwa mwalimu msaidizi wa chuo fulani huko Ulaya, anakaribia miaka arobaini, viatu vyake vimelika kisigino. Alikuwa ameandika vitabu viwili, na aliniambia mwenyewe akicheka kwamba vilisomwa na mama yake na adui yake mmoja. Nilimpenda. Kila tulipomaliza kazi ya siku alisoma tena aliyoyaandika, na pembeni mwa mistari aliweka swali lile lile kwa Kifaransa: unajuaje? Pasipokuwa na jibu, alichana. Karatasi nyingi zilikwenda kuwashia jiko la mama yako. Niliwahi kumwuliza kama kazi ya mwanafalsafa ndiyo hiyo, kuandika na kuchana. Akasema ni hiyo: unakaa na swali moja miaka kumi, mke wako anachoka kulisikia, halafu kijana wa mwaka wa pili anakuonyesha kwamba ulikosea katika mstari wa tatu. "Na siku hiyo," akasema, "inabidi umshukuru." Sijasahau. Ukitaka kujua maisha unayoyaendea, nadhani alinieleza yote siku ile.

Tulikwenda kwenye maporomoko siku nyingi. Mvuvi aliyempenda kuliko wote alikuwa mzee waliyemwita Ndeke, yaani ndege, kwa sababu ya miguu yake myembamba. Profesa alikaa juu ya kiti chake cha kukunja, daftari juu ya goti. Papa Ndeke alikaa juu ya jiwe na kaptula iliyochanika, akitengeneza kimojawapo cha vile vikapu vikubwa wanavyovitumbukiza majini. Mimi nilisimama katikati na tai shingoni.

Siku hiyo swali lilikuwa: wafu wako wapi? Nikamwuliza Papa Ndeke. Aliendelea kufunga kamba zake muda mrefu.

"Mwambie anauliza muzuri," akasema. "Ule muzungu, baba yake iko?"

Nikasema nadhani amekufa.

"Bon. Yeye atangulie. Baba yake iko wapi?"

Hilo sikulitafsiri. Niliona ni utovu wa adabu. Nikamwambia Papa Ndeke, "Papa, jibu tu, muzungu anangoja."

Akacheka. "Karani, unaogopa nini? Hatakula weye." Halafu akaweka kikapu chini, akanitazama, akajibu kweli kweli. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, maana hayajanitoka:

"Mi sijui. Baba yangu hakujua. Wengine wanasema wafu wako ndani ya maji, wengine wanasema ndani ya pori, mupe wa misioni anasema wako juu. Mi nimekaa na hii maji tangu utoto. Nimetoa samaki, nimetoa na maiti ya ndugu yangu. Sijaona mutu anaishi mule. Labda iko, labda haiko. Ule anakuambia anajua, muulize anauzisha nini."

Kisha akachukua kikapu chake tena.

Unafahamu ulikuwa mwaka gani kwangu. Nilikuwa nimeomba ile karatasi ya serikali inayosema mtu fulani amestaarabika. Wajumbe walikuwa wamekuja nyumbani kwetu, wakafungua kabati, wakatazama uma na vijiko, wakamwuliza mama yako kama tunakula sote mezani. Nilikuwa ninaishi kama mtu anayetazamwa mgongoni. Na sasa mzungu msomi amevuka bahari, ameuliza swali zito kuliko yote, na mzee wetu anajibu hajui. Nilisikia aibu kwa ajili yake, naye hakuwa na aibu hata chembe. Nikaona Profesa atafunga daftari, atarudi kwao, ataandika kwamba watu wa mto huu hawana kitu kichwani.

Nikatazama maji, nikatazama ile miti mikubwa iliyosimama kati ya mkondo, na sentensi ikaja nzima, kwa Kifaransa, kama walivyotufundisha kutunga sekondari. Nikaisema.

Profesa alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akataka niirudie. Nikairudia, na mara ya pili ikawa nzuri zaidi. Akaenda akamshika Papa Ndeke mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa.

Papa Ndeke akaniuliza, "Anafurahi nini?"

Nikamwambia, "Anafurahia jibu lako."

"Kumbe hata kule kwao hawajui?" Akafurahi naye, akacheka sana, akaongeza mkono wake wa pili. Wakashikana hivyo juu ya mawe, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa jambo ambalo mwenzake hakulisema. Mimi nilijiona mtu mwema. Nilijiambia nimewapatanisha watu wawili.

Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili, na kwa kitabu hicho yule mwalimu msaidizi akawa profesa kweli. Akaitwa mikutanoni, akapewa kiti cha kufundisha, na chuo kikuu kilipofunguliwa kule Leopoldville wakamleta. Aliniletea nakala yenye jina langu limeandikwa kwa wino. Papa Ndeke alikuwa amekufa kwa kifua majira ya mvua yaliyotangulia. Niliweka kitabu kabatini nikasema sentensi nzuri haijamwumiza mtu.

Sura ya tatu ndiyo iliyonikamata. Unaikumbuka. Pale anajenga juu ya ile sentensi: kwamba kwetu mtu haulizi, maana ameshajua, kwamba shaka ni mali ya Ulaya, kwamba mtu mweusi ana hekima, lakini falsafa atakuwa nayo siku atakapoletewa swali kutoka nje. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuja nacho jikoni, kidole kwenye mstari, ukaniuliza, "Papa, ni kweli sisi hatuna shaka?"

Na mimi nilikujibu, "Profesa amesoma sana."

Ndiyo maana ninaandika. Sentensi ya mtoni niliitoa kwa aibu na haraka. Hii ya jikoni niliitoa kwa utulivu, mbele ya mwanangu, nikijua. Mtu wa kwanza niliyemsikia akitia shaka kwa ustadi alikuwa amekaa juu ya jiwe hapa hapa kwetu, na mimi nilimziba mdomo ili aonekane ana busara. Halafu nikakuacha wewe ukue ukidhani kwamba swali lako ni ugonjwa ulioupata shuleni.

Kuna uongo wa kuficha ubaya, na huo kila mtu anaujua. Kuna uongo wa kupamba. Huu wa pili ni mgumu kuutubia kwa sababu watu wanakushukuru.

Na usidhani niliufanya mara moja tu. Nimefikiri sana siku hizi juu ya tabia hii yangu ya kujibu kwa niaba ya wengine. Mama yako alipoanza kuumwa, nilimpeleka kwa daktari. Daktari akamwuliza kwa Kiswahili chake kibovu maumivu yako wapi. Mama yako alifungua kinywa, na mimi nikajibu, kwa Kifaransa safi, tumbo, Daktari, tangu wiki mbili. Haikuwa wiki mbili. Mimi nilizijua mbili tu. Aliniangalia tu. Njiani tulipokuwa tunarudi akasema, "Ulisema vizuri." Sisemi hilo ndilo lililomwua, ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali na hata siku nyingi zaidi zisingebadili kitu, niliambiwa hivyo na ninaamini. Lakini mpaka leo sijui yeye angesema nini. Alikuwa na jibu mdomoni, nami nililichukua.

Sasa utaelewa kwa nini nilimpenda Veronika zaidi siku ya kuandikisha ndoa. Ulikuwa shuleni, hukuwepo. Tulikwenda kwa mupe, padri wetu. Mupe akamwuliza kama anakuja kwa hiari yake. Nikaanza, "Ndiyo, mupe, tumezungumza na yeye..." Akaniwekea mkono juu ya goti, mkono wenye alama za sindano, akasema, "Papa, ni miye naulizwa." Akafikiri mbele yetu wote wawili. Mupe akatazama dirishani. Nilihesabu vigae vya sakafu. Ndipo akasema, "Ndiyo. Nilitaka nione kama itatoka yenyewe." Nilikwenda nyumbani bila kuona njia. Sijawahi kupewa ndiyo kama ile. Zote nilizowahi kupata zamani, nusu yake nilikuwa nimejisemea mwenyewe.

Jumapili nilimweleza habari ya Papa Ndeke. Alikuwa anapindia pindo la liputa la kitenge. Alicheka kwanza, alipofikia pale wanaposhikana mikono alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. Halafu akakiokota.

"Donc mutoto anakwenda kusomea ule uongo," akasema.

Nikasema ni sentensi moja tu.

"Ameiandika kwa mukono yake, anasema ni ya wazee. Siku atajua, atasema nini? Papa yangu alinitazama nikisoma, akapiga mikono?"

Ni kweli nilipiga makofi.

Basi nimemwandikia Profesa. Nimeandika mara nne; barua tatu za kwanza zilikuwa nzuri mno, nikazichana. Ya nne ina maneno ya Papa Ndeke kama nilivyokuandikia hapa, yote, pamoja na lile la baba yake Profesa ambalo sikulitafsiri. Nimesema wewe hukujua. Mfuko wa barua za ndege unafungwa Jumanne, na masua yenu itakuwa bado njiani. Atajua kabla hujafika.

Sijui atafanya nini. Mtu yule niliyemjua, mwenye viatu vilivyolika, angekaa chini akaandika pembeni mwa kitabu chake chote swali lake lile, na labda angenishukuru. Lakini miaka imepita na watu wanasimama anapoingia. Kitabu hicho ndicho kiti chake, nyumba yake, jina lake. Huenda ukafika ukakuta aliyekutetea hataki kukuona, na nafasi yako imepewa mwingine. Naiandika wazi ili usiseme nilikupunguzia.

Tena kuna insha yako. Hiyo siwezi kuisahihisha mimi, iko kwa mwandiko wako.

Sikuambii uache falsafa. Naona umezaliwa nayo; ulikuwa na miaka mitano ukamwuliza mama yako jana imekwenda wapi, naye akakwambia utafute chini ya kitanda, ukaenda kutafuta. Ila ukiwa huko, watakapokuuliza watu wa kwenu wanafikiri nini, utasikia ile haraka niliyoisikia mimi, ya kuwapa kitu kizuri ili wasitudharau. Itakuja na maneno yake mazuri, kwa Kifaransa bora kuliko changu. Mimi nilishindwa nayo nikiwa na mzee mwenyewe mbele yangu, hatua mbili. Wewe utakuwa mbali nao wote.

Nilikuwa nimeamua kuficha barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya mashati, uikute mkishapita Isangi. Nilijiambia utakuwa na muda wa kufikiri. Mama Veronika, ambaye ananisoma kwa juu ya bega hata anapojifanya anachambua majani ya pondu, aliuliza, "Akiwa katikati ya maji atamuuliza nani? Samaki?" Nikamwambia barua ya Profesa itakwenda vyovyote, ni dhambi yangu na lazima niiungame. Akasema dhambi ni yangu, lakini nafasi ya chuo ni yako, na kwamba nimeanza tena kumjibia mtu.

Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Kwa hiyo barua ya Profesa iko hapa mezani, bahasha haijafungwa. Ninataka iende. Sijifichi, ninataka iende, na mpaka saa hii nilidhani kutaka kwangu kunatosha. Lakini isome kwanza. Kama utasema niingoje mpaka uandikishwe, niambie kwa nini. Kama utasema utaipeleka mwenyewe mkononi, au hutapanda masua kabisa, au huwezi kusema lolote leo kwa sababu umenikasirikia, sema hivyo. Sitakumalizia sentensi.

Mbwa wa jirani anabweka kwa namna anayokubwekea wewe tu. Mama Veronika ameondoka mezani, amechukua kazi yake kwenda kwa jirani, bila kuaga, naye huwa haendi mahali bila kuaga. Unapangusa viatu mlangoni.

Faustin, kaa hapa mbele yangu uzisome zote mbili. Nitanyamaza.

Baba yako